Don Bosco na Yule Mkorofi wa Darasa Lenu



Kuna swali ambalo viongozi wa TYCS huniletea karibu kila muhula, na huwa wanalileta kwa sauti ya chini: “Mwalimu, yule fulani tumemwombea mpaka tumechoka, lakini ndo kwanza anazidi. Tufanyeje?” Yule fulani anaweza kuwa mvulana anayepigana bwenini, binti aliyeacha kuongea na watu, au mtoro wa vipindi. Mimi nafundisha sekondari ya bweni na pia ni mlezi wa TYCS, kwa hiyo swali hili nakutana nalo pande zote mbili. Asubuhi nalisikia ofisi ya walimu kama “kesi”, jioni nalisikia kwenye kikanisa cha shule kama “nia ya sala”. Ni mtoto yuleyule.

Leo tulisome swali hilo kwa msaada wa padre mmoja wa Torino, kaskazini mwa Italia, ambaye aliishi na vijana wa aina hiyo tangu alipopewa daraja la upadre mwaka 1841 mpaka alipofariki tarehe 31 Januari 1888. Wengi wenu mnamfahamu kwa picha: Mtakatifu Yohane Bosco, kanzu nyeusi, tabasamu, watoto wamemzunguka. Picha ni nzuri, ila inatudanganya kidogo. Inaonyesha watoto wapole. Wale wa kweli walikuwa wanarusha mawe.

Wekeni Biblia karibu, tutafungua 1 Wafalme 19 baadaye.

Kijana wa stesheni

Jioni moja ya mwaka 1857, baridi ikiwa imeanza, Don Bosco alikuwa stesheni ya Carmagnola akisubiri treni ya kurudi Torino. Kulikuwa na ukungu mzito, hata mtu wa karibu humwoni vizuri. Akasikia kelele za watoto wanaocheza, na juu ya kelele zote sauti moja inayotoa amri. Akaenda akaingia katikati yao. Wote wakatimka mbio, akabaki mmoja tu, mikono kiunoni, akamuuliza padre yeye ni nani hata aje kuwaharibia mchezo.

Hapo, kwa kweli, wengi wetu tungeanza na adabu. “Unajua unaongea na nani?” Don Bosco alianza na jina. Kijana akajibu: Michele Magone, miaka 13, na cheo chake ni jenerali wa mchezo. Baba? Amefariki. Shule? Alisoma kidogo. Kazi? Akajibu kwamba kazi anayoijua ni kutofanya chochote. Alipoulizwa kama anataka kuendelea na maisha hayo, jibu likabadilika sauti: hapana, hataki, wenzake wengine wameshaishia gerezani, lakini atafanyaje, na baba hayupo na mama ni maskini?

Treni ilikuwa inakaribia. Muda wa mahubiri haukuwepo. Don Bosco akampa medali ya Bikira Maria, akamwambia aipeleke kesho kwa paroko msaidizi wa pale na aseme kwamba padre aliyempa anaomba habari zake.

Barua ya yule paroko msaidizi ilikuja baada ya siku chache, na mimi huwa naipenda kuliko sehemu nyingine zote za kisa hiki. Ilisema ukweli mzima. Kwamba kijana ni yatima wa baba, mama anahangaika kutafuta chakula cha familia kwa hiyo hana muda wa kumwangalia. Kwamba hatulii, na amefukuzwa darasani mara nyingi. Kwamba asipokuwepo yeye, darasani kuna amani. Na kwamba pamoja na hayo ana akili na moyo mwema, na masomo yake ya madarasa ya chini aliyamaliza vizuri. Linganisha na faili la nidhamu la mwanafunzi wa kwetu. Utakuta tarehe, kosa, adhabu, sahihi. Tarehe, kosa, adhabu, sahihi. Unaweza kusoma kurasa sita usijue kama mtoto ana mama.

Magone akapokelewa Valdocco, kwenye Oratorio ya Don Bosco. Alikiri mwenyewe kuwa ni msumbufu, na akaahidi kujitahidi. Mwezi wa kwanza aliishi kwa ajili ya uwanja. Kengele ya mapumziko ikilia, alitoka kama risasi. Kengele ya kuingia ikilia, alijikokota. Hakupewa adhabu ya kufungiwa asicheze. Alipewa mwenzake mmoja, kijana kama yeye, wa kumwangalia, kumwelekeza taratibu za nyumba na kumsahihisha kwa upole anapokosea. Hilo nitalirudia, maana linawahusu ninyi moja kwa moja.

Halafu, ghafla, akanyamaza. Akaacha kucheza. Akawa anajitenga, mara nyingine analia. Sasa niambieni: shuleni kwenu, mwanafunzi mkorofi akianza kukaa kimya, walimu wanasemaje? “Afadhali, siku hizi ametulia.” Mpaka na sisi tunashukuru. Don Bosco aliona hatari pale ambapo wengine wangeona maendeleo. Akamwita, akaongea naye kama mtu anayeomba msaada, siyo kama mpelelezi. Kijana akalia, akasema dhamiri yake imevurugika. Aliwaona wenzake wakiungama na kukomunika kwa furaha, yeye hajui hata aanzie wapi. Akasaidiwa kujiandaa, akaungama, na furaha yake ikarudi. Baadaye akawa ndiye anayewafuata wageni waliojitenga uwanjani. Alifariki tarehe 21 Januari 1859, akiwa na miaka 13. Miaka miwili baadaye Don Bosco alichapisha kitabu cha maisha yake, na hakuficha ukorofi wa mwanzo.

Kwa nini alimwelewa

Francesco Bosco, baba yake Yohane, alifariki mwaka 1817, mtoto hajafikisha miaka miwili. Mama yake, Margherita, aliwalea watoto katika shida, na ndani ya nyumba kulikuwa na kaka wa mama mwingine, Antonio, ambaye hakutaka kusikia habari ya mdogo wake kusoma. Ugomvi ukakua hadi mama akamtoa mtoto nyumbani. Akiwa na miaka 12 hivi, Yohane alikwenda kufanya kazi kwenye shamba la watu wengine. Wapo kati yenu wanaojua ladha ya hilo: kukaa kwa ndugu ambaye kila siku anakukumbusha unakula kwake.

Alipokuwa padre kijana, mlezi wake wa kiroho, Padre Giuseppe Cafasso, alimpeleka kwenye magereza ya Torino. Mji ulikuwa unajaa vijana kutoka vijijini waliokuja kutafuta vibarua kwenye ujenzi. Don Bosco alishangaa kuona baadhi ya wavulana wanatoka gerezani, kisha baada ya muda mfupi wamerudi. Akatambua sababu: nje hapakuwa na mtu wa kuwasubiri. Huko ndiko alikopata wazo ambalo baadaye liliitwa “mfumo wa kuzuia”, yaani kumfikia kijana kabla hajaanguka, siyo kumngojea chini na fimbo.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Imakulata, alikuwa anavaa kwa ajili ya Misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, fundi mwashi asiye na wazazi, akaingia sakristia. Mtunza sakristia akamtaka atumikie Misa; hajui; basi akapigwa kwa fimbo ya kufagilia mpaka nje. Don Bosco akakasirika: mwiteni arudi, huyo ni rafiki yangu! Alikuwa hajawahi kumwona. Baada ya Misa akamuuliza: una baba, una mama, unajua kusoma, unajua kuimba? Kila jibu hapana. Fikiria aibu inavyopanda, hapana baada ya hapana. Ndipo padre akamuuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana akacheka. Hapo wakaanza katekesi, kwa ishara ya msalaba na Salamu Maria.

Swali la mluzi si utani tu. Lilitafuta kitu kimoja ambacho kijana anakiweza. Mwanafunzi ambaye tangu asubuhi mpaka jioni anaambiwa asichokijua (hesabu hujui, Kiingereza hujui, adabu huna) ataenda kutafuta mahali ambapo anaweza kitu. Na kama kitu pekee anachokiweza ni kupigana, atapigana, maana pale angalau ni bingwa.

Maneno matatu

Mwaka 1877 Don Bosco aliandika maelezo mafupi ya mfumo wake. Aliusimamisha juu ya nguzo tatu: akili, dini, na neno la Kiitaliano *amorevolezza*, ambalo si rahisi kulipatia neno moja kwetu. Ni upendo unaoonekana kwa macho: uso, sauti, muda. Tuseme upendo wa mzazi usiojificha.

Akili maana yake sheria iwe na sababu ambayo kijana anaweza kuielewa, na aijue mapema. Sheria inayozaliwa siku ya kosa si sheria, ni hasira. Dini, kwake, ilikuwa Misa, Ekaristi na kitubio vikiwa karibu na milango wazi, bila kumlazimisha mtu. Alionya wazi kwamba kijana asilazimishwe kupokea sakramenti. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu tunayo tabia ya kumpa mwanafunzi adhabu ya kwenda kusali. Rozari ikiwa adhabu wiki hii, msishangae akiitupa baada ya kidato cha nne.

Kuhusu kupiga, alikataa. Alisema viboko na adhabu za kudhalilisha vinamuumiza kijana na kumshusha hadhi anayevitoa. Kosa lisahihishwe faraghani, siyo mbele ya wenzake. Na hakuishia kwenye nyumba yake tu. Vijana wake walipokwenda kujifunza ufundi mjini, alidai mkataba wa maandishi. Mkataba mmoja wa mwaka 1852, wa kijana aliyekwenda kujifunza useremala, unamtaka fundi amrekebishe kwa maneno na siyo kwa kumpiga, na ampe mapumziko siku za sikukuu. Hiyo ni miaka zaidi ya 170 iliyopita.

Kwetu Tanzania kanuni bado zinaruhusu kiboko shuleni, ila kwa masharti: kwa idhini ya mkuu wa shule, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Wenzetu wa Kenya walishakiondoa kisheria. Najua walimu wenzangu wanaosema bila fimbo mtoto wa Kiafrika haendi; nimefundisha miaka ya kutosha kulisikia, na silikubali. Lakini niwe mkweli upande wa pili pia: darasa la wanafunzi tisini, mwalimu mmoja, vipindi sita mfululizo, si Valdocco. Mwalimu anayechapa mara nyingi ni mtu aliyezidiwa. Hilo halihalalishi, linaeleza tu. Na linaonyesha kwa nini kazi hii haiwezi kuwa ya walimu peke yao.

Barua kutoka Roma

Mwaka 1884, mwezi wa Mei, Don Bosco akiwa Roma, mzee na mgonjwa, alituma barua Valdocco. Anaeleza ndoto. Anauona uwanja wa zamani: wanakimbia, wanaimba, mapadre na mafrateri wako ndani ya mchezo. Kisha anauona uwanja wa siku hizo: vijana wamejiegemeza kwenye nguzo, wamechoka bila kufanya kazi, vikundi vinanong’ona pembeni, na walezi wanatazama kwa mbali. Anauliza kulikoni, maana walezi wanajiua kwa kazi kwa ajili ya vijana hao. Jibu analopewa ndotoni ni kwamba kupenda hakutoshi. Inabidi kijana mwenyewe ajue kwamba anapendwa, na ajue kupitia vitu anavyovipenda yeye.

Someni hapo taratibu. Hakuna aliyeshutumiwa kwamba hafanyi kazi. Ada, chakula, madarasa, Misa, vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mzima kukaa uwanjani. Luka 24 inakwenda njia hiyohiyo: Yesu hawazuii wale wawili barabarani kuwaambia mnakwenda upande usio sahihi, wakati kweli walikuwa wanaikimbia Yerusalemu. Anatembea nao kwanza, anauliza wanaongea nini, anawaacha wamwage yote. Maandiko yanakuja baadaye, na mkate baadaye zaidi.

Kazi ya wanafunzi wenyewe

Sasa tufike kwenye swali la viongozi wangu. Mwaka 1856 Dominiko Savio, mwanafunzi wa miaka 14, na wenzake wachache walianzisha kikundi Valdocco, Shirika la Imakulata. Walikuwa na sala zao na kanuni zao, kama TYCS tu. Lakini kazi yao kubwa ilikuwa hii: kila mmoja alikabidhiwa “mteja”, yaani kijana mmoja mgumu au mgeni, awe rafiki yake. Siyo kumchunguza. Acheze naye, amsaidie masomo, akae naye. Wanne watano wakikutana waliulizana wateja wanaendeleaje.

Savio mwenyewe alikuwa na jicho hilo. Mwaka 1855 alimwona mgeni aitwaye Camillo Gavio amesimama peke yake pembeni, anatazama wenzake wanavyocheza. Alimfuata, akamuuliza jina na anatokea wapi, akagundua kwamba ametoka kuugua sana. Wakawa marafiki. Gavio hakukaa muda mrefu, alifariki mwishoni mwa mwaka huohuo. Fikirieni lile pengo: miezi yake ya mwisho duniani angeweza kuimaliza ameegemea ukuta.

Kwetu ilikuwa hivi. Mabweni mengi yana Jumapili ya wageni. Wazazi wanakuja na ndoo za chakula, kuku, chapati, soda, picha zinapigwa chini ya miembe. Nilipokuwa mwalimu wa zamu niliona kitu: vurugu za bwenini zinaangukia usiku wa Jumapili hiyo kuliko usiku mwingine wowote. Na majina ni yaleyale. Nikachukua kitabu cha wageni, nikalinganisha na kitabu cha makosa. Waliogombana karibu wote ni wasiotembelewa. Mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameshafika mara tatu mbele ya kamati ya nidhamu, na ya nne ilikuwa ya kufukuzwa. Kila mara kosa lake lilikuwa lilelile, amemwaga au amechukua chakula cha mwenzake. Kwenye faili liliandikwa “wizi na ukatili”. Mama yake alikuwa anafanya kazi za ndani mji mwingine, Jumapili haachiwi.

Nilipeleka vitabu vyote viwili kwenye kamati. Hawakumfukuza, walimpa wiki mbili nyumbani, ambayo nyumbani kwenyewe ni kwa mjomba. Viongozi wa TYCS wakapanga kitu bila kutangaza: kila Jumapili ya wageni, kila mwanachama anayetembelewa anamwalika mmoja asiyetembelewa aje akae na familia yake, asalimie wazazi, ale pale pale mkekani. Siyo kumpelekea mabaki bwenini. Baadhi ya wazazi mwanzoni walinuna, mama mmoja alisema chakula amekipima kwa watu wanne. Wengine wakaanza kuuliza simuni, “yule mwenzako naye nimletee nini?” Kijana wa kidato cha pili sasa yuko cha tatu. Bado ana mdomo mchafu, muhula huu amegombana tena mara moja, kwenye mpira. Ila Jumapili usiku bweni lile linalala.

Kitu kingine kidogo, ambacho mabinti mtakielewa haraka. Utoro wa siku tatu nne kila mwezi si uvivu. Kabla hamjaandika jina la mtu kwenye orodha ya watoro, matroni aulize kama ana taulo za kike. Uhitaji mwingine wa kiroho unaanzia dukani.

Malaika aliyeoka mkate

Fungueni sasa 1 Wafalme 19:1-8. Nabii Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, na anatishiwa maisha. Anakimbia jangwani, anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Angekuwa mwanafunzi wetu tungemwitia kikao: “Wewe kiongozi, unakata tamaa, imani yako iko wapi?” Malaika hafundishi neno. Anamgusa. Kuna mkate uliookwa kwenye makaa na chupa ya maji. Eliya anakula, anarudi kulala, na anaachwa alale. Malaika anarudi mara ya pili, anamlisha tena, na anakiri kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Mlima wa Mungu unakuja baada ya milo miwili na usingizi mara mbili.

Ndiyo maana nawaomba msiwe wepesi kumwambia mwenzenu mwenye huzuni kwamba “ungesali zaidi”. Anaweza kuwa anasali kuliko ninyi. Huzuni isiyoisha wiki hadi wiki, kukosa usingizi, kuacha kula, kujikata mwili, kusema afadhali nisingekuwepo: hayo ni mambo ya kumfikisha kwa mwalimu wa ushauri nasaha na hospitali, siku hiyohiyo, huku mkiendelea kumwombea. Kitubio kinaondoa dhambi. Hakikuwekwa kuwa kliniki, na ugonjwa wa akili si dhambi ya kuungamwa.

Na hapa kuna jambo zito, naomba mtulie. Mwenzako akikwambia kwamba anaguswa vibaya, anapigwa, au analazimishwa mapenzi na mtu yeyote, awe ndugu, mwalimu, kiongozi wa dini, usimwahidi kwamba utaficha. Wengi huanza na “niapie humwambii mtu”. Mjibu kwa upole: siwezi kuapa, lakini siwezi pia kukuacha, tutakwenda wote. Mtafuteni mtu mzima mnayemwamini. Wa kwanza akipuuza, nendeni kwa wa pili. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Kama aliyeumizwa anataka kumwambia padre, amwambie nje ya kiti cha kitubio, kwenye maongezi ya kawaida, ili padre awe na uwezo wa kuchukua hatua. Alichokisikia kwenye kitubio hawezi kukitoa kwa mtu yeyote, hata afanyweje. Wengi hawalijui hili mpaka wameshachelewa. Huu siyo umbea wala kuwa kibaraka wa walimu.

Mipaka yenu pia muijue. Rafiki wa “mteja” si daktari wake wala mama yake. Ukiona umeanza kukosa usingizi kwa ajili ya mzigo wa mwenzako, uupeleke kwa mlezi, ndiyo kazi yake. Wale wa Shirika la Imakulata walikuwa wanafunzi, na Don Bosco alikuwa karibu yao.

Kwa mkutano wa wiki hii

Viongozi, msisome somo hili lote kwa sauti, watu watasinzia. Someni 1 Wafalme 19:1-8, mkae kimya dakika tatu, kisha mjadiliane: katika shule yetu, mretemu uko wapi? Yaani watu huenda wapi wakitaka kujificha walie? Kila shule ina sehemu hiyo, nyuma ya bwalo, chooni, juu ya kitanda baada ya taa kuzimwa. Nani ameonekana huko hivi karibuni?

Msitaje majina kwenye kikao, tafadhali, maana ndani ya saa moja bweni zima litakuwa linajua nani ni “mteja” wa nani. Kila mtu aandike jina moja moyoni. Wiki hii jifunze mambo matatu juu yake ambayo hayapo kwenye faili la nidhamu: anatokea wapi, nani humtembelea, na anaweza kitu gani. La tatu ndilo gumu, litafute mpaka ulipate. Wiki ijayo, mkikutana, elezaneni mlivyofika kwake bila kumtaja jina.

Kama sikukuu ya Don Bosco, 31 Januari, itawakuta shuleni, muombeni mwalimu wa michezo kipindi kimoja cha jioni, walimu wacheze pamoja na wanafunzi. Mkuu wetu wa shule alikubali akiwa anacheka. Alikaa golini, akafungwa saba.